"Chakula juu ya mwenye nyumba"



Katika miji yetu ni wachache wanaojenga nyumba huku wakiishi kwingine kwa utulivu hadi siku ya kukabidhiwa funguo. Walio wengi hujenga kidogo kidogo, kwa akiba ya mshahara, kwa fedha ya mchezo na kwa kuuza hiki na kile. Baadhi yao huhamia katika pagale lililokwisha kuezekwa ili waepukane na kodi ya pango, na wengine huongeza vyumba ubavuni mwa nyumba ile ile wanayolala. Ukipita Mbagala, Chanika, Kivule au Bunju utayaona maisha haya kwa macho: nguo za watoto zimeanikwa juu ya nondo, sufuria imetelekwa kando ya lundo la kokoto, na mama anapeta mchele huku kibarua akichekecha mchanga upande unakotokea upepo.

Mengi huandikwa juu ya hati, mipaka na ubora wa matofali. Juu ya chakula cha watu waishio ndani ya ujenzi huo, na juu ya vitu vyao vilivyorundikwa chumba kimoja hadi darini, sijaona maandiko mengi. Ndiyo maana wiki hii safu yetu inaingia jikoni, au tuseme mahali palipokuwa jikoni kabla ya ukuta kubomolewa.

Kwa nafasi yangu ya ukatibu wa kamati ya msikiti, hukaa na wazee kila inapohitajika kusikiliza mashauri ya ndoa, na kazi yangu kubwa hapo ni kuandika yasemwayo. Nimeona kwamba ujenzi ni miongoni mwa vyanzo vya mashauri hayo, na kwamba mara nyingi wanandoa wenyewe hawautaji. Hutaja ukali wa maneno, uchovu, au chakula kuchelewa. Shauri moja nitalieleza hapa kwa idhini ya wahusika wote wawili, nikiwa nimeyaondoa yote yanayoweza kuwatambulisha.

Mume alikuwa akiongeza vyumba viwili, choo cha ndani na jiko jipya. Jiko la zamani lilivunjwa katika wiki ya kwanza kabisa, kwa kuwa lilisimama mahali ilipotakiwa kupita korido. Mwezi wa tatu mke akarudi kwa wazazi wake pamoja na watoto wawili wadogo, akawaacha wakubwa wawili na baba yao kwa sababu ya shule. Malalamiko ya mume yalikuwa mafupi: "Nimejinyima nimjengee nyumba, naye ameikimbia nyumba." Aliyasema kwa uchungu wa kweli. Tangu ujenzi uanze alikuwa hajajinunulia hata shati, na kila jioni alikuwa akihesabu mifuko ya saruji kwa tochi ya simu.

Mzee mmoja, ambaye katika ujana wake alikuwa seremala, akaomba kuona karatasi ya makubaliano na fundi mkuu. Ilikuwa karatasi ya daftari, mistari sita iliyoandikwa kwa mkono: bei ya msingi, bei ya kupandisha tofali hadi lenta, plasta, siku za kulipana, majina ya mashahidi. Mstari wa mwisho ulisema: Chakula juu ya mwenye nyumba. Mzee akausoma kwa sauti. Mke, ambaye hadi wakati huo alikuwa akijibu kwa ndiyo na hapana tu, akainua kichwa.

"Wazee wangu, naomba niulize. Mwenye nyumba hapo ni nani? Kama ni baba watoto, sijamwona jikoni. Kama ni mimi, mbona sikuulizwa?"

Baraza lilikaa kimya kwa muda. Kisha tukaanza kuhesabu, na hesabu hiyo naiweka hapa kwa sababu kila familia inayojenga inaweza kuifanya ya kwake.

Mafundi walikuwa wawili na vibarua sita, jumla watu 8. Walipewa chai na kitafunio saa nne asubuhi, na chakula cha mchana saa saba na nusu. Familia ni watu 6, nao hula mara tatu. Kwa mafundi ni sahani 16, kwa familia ni sahani 18, jumla sahani 34 kwa siku moja. Kwa siku sita za kazi ni sahani 204 kwa wiki, zote zikitoka kwenye jiko moja la mkaa na jiko dogo la gesi lililowekwa juu ya matofali chini ya mwembe. Na mtu anayebeba zege hali kama karani. Kilo ya sembe ambayo kwa familia huwatosha watu sita, kwa vibarua huwatosha wanne, tena wakiwa na adabu. Maji ya kupikia na ya kuoshea vyombo hivyo yalitoka kwenye tangi lile lile lililokuwa likichotwa kwa ajili ya kuchanganyia zege na kumwagilia kuta, na zaidi ya mara moja mama alilikuta tupu hali dagaa wamo kwenye beseni wanasubiri kuoshwa. Aliamka kabla ya adhana ya Alfajiri kuwasha moto, na alilala baada ya kusugua sufuria ya mwisho kwa mwanga wa taa ya nje. Watoto wadogo walikula baada ya mafundi, kwa sababu fundi akicheleweshewa chakula kazi husimama, na kazi ikisimama mume hupigiwa simu, naye humpigia mke.

Mume alisema hakuwa na habari ya hesabu hii, nami naamini alisema kweli. Aliondoka alfajiri na kurudi Magharibi, akikuta vyombo vimeshaoshwa na kupangwa.

Sasa tulitazame jambo hili kidogo kwa upande wa fiqhi. Fundi mkuu alikuwa ametaja bei mbili, ya juu bila chakula na ya chini pamoja na chakula, na mume akachagua ya chini, kama ambavyo wengi wetu tungefanya. Tofauti ya bei mbili hizo ilikuwa ni kazi, na kazi hiyo ilikuwa na mwenyewe. Katika mlango wa ijara, mafaqihi wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi katika pwani yetu, wameshikilia kwamba ujira uwe unajulikana kwa pande zote mbili. "Chakula", bila ya kusemwa ni milo mingapi, ya aina gani na kwa watu wangapi, ni neno linaloweza kubeba chochote. Siku ya kuandikiana vibarua walikuwa wanne. Kufikia wiki ya tatu walikuwa sita, na karatasi haikubadilika.

Ama kuhusu mke, mafaqihi hao hao hawakuihesabu kazi ya kupika na kufua kuwa ni wajibu unaotokana na mkataba wa ndoa, ingawa wapo wanazuoni wengine walioona kuwa inamlazimu kwa kadiri ya ada ya mahali. Najua baadhi ya wasomaji wa kiume watanuna hapa, na barua zao nitazipokea kwa heshima. Lakini hata anayeshika kauli ya pili na anieleze ni ada ya mahali gani inayomtaka mwanamke awapikie mafundi wa mumewe kwa miezi mitatu, bila ya kuulizwa wala kupewa msaidizi.

Mstari ule ulifutwa. Fundi mkuu aliitwa, makubaliano yakaandikwa upya kwa posho ya siku, na mama lishe wa jirani akakubali kuleta chai na chakula cha mchana kwa bei ya sahani iliyoandikwa, akilipwa kila Jumamosi pamoja na vibarua. Gharama ilipanda. Mume alilazimika kuahirisha vigae vya sebuleni, naye hakuficha kuwa jambo hilo lilimuuma. Mke alirudi baada ya wiki mbili kwa sharti moja zaidi, nalo lilikuwa na busara kuliko yote tuliyokuwa tumeyafikiri sisi wazee na katibu wao: jiko jipya limalizwe kabla ya vyumba, hata kama vyumba vitabaki bila dari.

Sikusudii kusema kwamba mwenye nyumba asiwalishe mafundi. Siku ya kumwaga zege, kwa mfano, watu huwa wengi, kazi haiwezi kukatizwa katikati, na desturi ya kuwapikia pilau ni desturi njema inayostahili kuendelea. Mafunzo ya Mtume (s.a.w.) kuhusu kumshirikisha katika chakula yule aliyevumilia joto la kukiandaa yanajulikana, na harufu ya pilau ikishawafikia watu walio juu ya ngazi si uungwana kuwaacha na harufu peke yake. Ninachosema ni kwamba siku hiyo ipangwe na mpishi akiwemo kikaoni, mawifi na mashoga waombwe mapema, na msichana anayeosha vyombo alipwe kama anavyolipwa kibarua anayepeleka maji.

Tuje kwenye jiko lenyewe. Kabla nyundo haijagusa ukuta wa jiko la zamani, jiko la muda liwe limekwisha kusimama. Milingoti minne, mabati machache, turubai upande mmoja na meza ya mbao za kutumika zinatosha. Mahali pake pachaguliwe kwa upepo. Katika pwani yetu, wakati wa kusi upepo hutoka kusini-mashariki, na wakati wa kaskazi hutoka kaskazini-mashariki. Jiko liwe upande upepo unakotokea, na mchanga uchekechwe na saruji ichanganywe upande unakokwenda. Nimeona nyumba ambapo mambo haya mawili yaligeuzwa, na kila tonge la wali lilikuwa likilia menoni.

Mtungi wa gesi uwekwe wima, mahali tambarare penye hewa, mbali na mtaro wa msingi na shimo la choo. Gesi hii ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja huteremka na kujikusanya katika mashimo, na eneo la ujenzi lina mashimo kila upande, pamoja na watu wanaowasha sigara na mafundi wanaochomelea vyuma. Jiko la mkaa nalo lina hatari yake, na hii huja siku ya mvua. Maji yakianza kupenya kwenye banda, jambo jepesi ni kulibeba jiko na kuliingiza katika chumba kile kimoja ambacho familia nzima imebanana, kisha mlango ukafungwa kwa sababu ya baridi na matone. Mkaa uwakao hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haionekani wala hainuki, na aliyelala haamki kuikimbia. Hata makaa yaliyokwisha kuonekana kuwa majivu huendelea kuitoa. Siku ya mvua na ule mkate kwa chai ya chupa.

Kwa habari ya maji, jawabu ni kutenganisha. Zege na plasta vinahitaji kumwagiliwa kwa siku zisizopungua saba ili vishike vizuri, na fundi mwenye kujua kazi yake hatakubali vipunguziwe. Basi liwepo pipa la ujenzi na liwepo pipa la nyumba, na pipa la nyumba liwe na mfuniko na kufuli. Kufuli si dharau kwa mtu. Kibarua mwenye haraka huchovya ndoo iliyo mkononi mwake, na ndoo hiyo dakika chache zilizopita ilikuwa na saruji.

Chakula chenyewe kinapaswa kubadilika kwa muda. Mama aliyezoea kuandaa wali, mchuzi, mboga ya majani na kachumbari kwa mlo mmoja atachoka mapema akijaribu kuendelea hivyo juu ya mafiga. Huu ni wakati wa vyakula vya chungu kimoja: mseto wa mchele na choroko, ndizi za nazi, viazi vya mchuzi, mihogo kwa dagaa. Maharage yalowekwe usiku, maji yale yamwagwe, yachemshwe asubuhi kwa moto mmoja yakiwa mengi ya kutosha milo miwili ya siku hiyo, na nazi itiwe katika sehemu inayoliwa tu, kwa kuwa yenye nazi huchacha upesi. Ndugu aliye na jiko salama anaweza kuombwa kupika chapati za siku kadhaa. Tende, karanga, ndizi mbivu na maembe havihitaji moto, na mtoto anayerudi shule saa nane akavikuta ndani ya kapu lililofunikwa hatalala njaa akisubiri mkaa ukolee.

Wali uliobaki nausisitiza peke yake. Watu hudhani kuwa wali uliolala ukipashwa moto vizuri hauna neno. Lakini vipo vijidudu ambavyo mbegu zake hustahimili kuchemka, huzaliana wali ukikaa na uvuguvugu ndani ya sufuria iliyofunikwa, na sumu vinayoiacha haiondolewi na moto wa pili. Kama friji limefunikwa turubai kwa sababu ya vumbi na halifanyi kazi, pika wali wa kumalizika. Na kama friji limehamishiwa chumbani, lisibanwe ukutani wala kufunikwa kwa kanga nyuma yake, maana linahitaji hewa ili lipoe.

Unga, mchele na sukari viwekwe katika ndoo zenye mifuniko inayobana. Lakini zisiwe ndoo zilizokuwa na rangi ya ukuta. Najua ni imara, najua ni bure, na najua kila nyumba inayojengwa inazo. Mabaki ya rangi hayaishi kwa kuoshwa mara moja wala mara tatu, na chakula si mahali pa kujaribia. Zitumike kwa misumari.

Hapo tumefika kwenye vitu. Ujenzi unapoanza, kila chombo cha nyumba hupata mwenzake wa kufanana naye aliyetoka kwa fundi, na kuchanganyika ni jambo la siku moja. Karai la zege na karai la maandazi ni ndugu wa tumbo moja kwa macho ya kibarua mgeni. Kisu cha jikoni hukatia kamba, beseni la kunawia huchanganyia jipsamu, na kikombe cha chai hupimia rangi. Dada mmoja wa darsa yetu ya akina mama alipaka alama ya rangi nyekundu kwenye kila chombo cha ujenzi, akawatangazia mafundi mbele ya fundi mkuu kwamba kisicho na alama hakiguswi. Aliniambia kwamba hilo lilimpunguzia maneno kuliko jambo lolote alilolifanya.

Vyombo vya kabatini, yaani zile sahani na vikombe vya wageni ambavyo wengi walivipata siku ya harusi, vifungwe katika maboksi na kupelekwa kwa ndugu. Makochi nayo yaende. Wengi huyabakiza kwa kuona haya kumsumbua shemeji, kisha hukaa miezi sita wakiruka juu yake usiku kwenda chooni. Boksi liandikwe kilichomo kwa kalamu nene, pande mbili, na likitoka nyumbani liandikwe pia katika daftari limekwenda kwa nani, ili kuhifadhi amana na kuondoa dhana mbaya baina ya ndugu. Vitu vya kila siku vibaki vichache kwa makusudi: sufuria tatu, sahani kwa idadi ya watu, mwiko, kisu, chupa ya chai, hotipoti. Misahafu na vitabu vifungwe katika kitambaa na kuwekwa juu, penye ukuta mkavu, kwa kuwa ukuta mpya wa plasta hutoa unyevu kwa wiki nyingi.

Vipo vitu ambavyo havifai kabisa kulala katika nyumba isiyo na milango: hati ya kiwanja, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa na vya shule, kadi za kliniki za watoto, karatasi za bima. Vyote hivi viingie katika begi moja, na begi hilo likae kwa mama mzazi au kwa mtu wa kuaminiwa hadi kufuli ya kwanza ifungwe. Si kwa sababu ya wizi peke yake. Niliona karatasi za mirathi zilizookotwa zikiwa zimefungia vitumbua vya mafundi, kwa kuwa aliyezichukua aliziona kwenye rundo la magazeti.

Watoto wavae viatu wakati wote, hata kwenda hatua tano. Msumari wenye kutu kwenye ubao ulioanguka ni njia ya pepopunda, na mama mwenye mtoto asiyekamilisha chanjo zake afike zahanati kabla ujenzi haujaanza. Saruji mbichi nayo huunguza ngozi, na chokaa ikiingia jichoni huweza kuliharibu; jicho lioshwe kwa maji mengi safi hapo hapo, kwa dakika nyingi, ndipo safari ya hospitali ifuate.

Limebaki jambo ambalo wake wengi huwa hawalisemi mbele ya baraza mpaka waulizwe na mwanamke mwenzao. Mwanamke anayeishi ndani ya ujenzi huwa hana nyumba kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Mafundi wako juu ya ukuta, wako dirishani, wanapita kufuata maji. Anapika akiwa na buibui na mtandio katika joto la mkaa. Hawezi kulala mchana, hawezi kuoga bila ya kumweka mtoto kuwa mlinzi, na kwa muda mrefu huwa yuko peke yake na wanaume wasio maharimu wake. Yule mke wa shauri letu alisema kwa mama mmoja wa kamati kwamba alichokimbilia kwa wazazi wake kilikuwa mlango wenye komeo. Basi mume mwenye fedha ya mlango mmoja tu na aufunge katika chumba cha mkewe, hata kama geti la mbele litabaki la mabati. Njia ya mafundi na njia ya familia zitenganishwe kwa turubai kutoka siku ya kwanza. Apatikane mtu mmoja, kijana wa nyumbani au shemeji au mama mkwe, ambaye fundi akitaka jambo humwendea yeye. Saa za kuanza na kumaliza kazi ziandikwe kwenye karatasi ile ile ya bei.

Na watoto nao wamebanwa chumba kimoja na wazazi wao. Aya ya 58 ya Suratun Nur inataja nyakati tatu ambazo hata watoto wasiobaleghe huomba idhini kabla ya kuingia: kabla ya swala ya Alfajiri, wakati wa adhuhuri watu wanapopunguza nguo, na baada ya swala ya Isha. Katika nyumba yenye mapazia badala ya milango, hukumu hii hupuuzwa bila ya mtu kukusudia. Pazia linaweza kubishwa hodi kama mlango. Mtoto wa miaka mitano huelewa hilo ndani ya siku mbili akifundishwa kwa upole, na mzazi naye abishe anapoingia upande wa mabinti zake wakubwa.

Wanaopanga kuanza ujenzi mwaka huu watazame kalenda mbili. Masika huanza mwezi Machi na kuendelea hadi Mei, basi jiko lisivunjwe Februari kwa matumaini ya kuezeka haraka. Ramadhani nayo husogea nyuma kwa siku kama 10 au 11 kila mwaka, na isitushtue kama wageni. Kazi za zege na za kubeba zimalizwe kabla yake, na mwezi huo uachiwe kazi nyepesi kama nyaya za umeme, fremu na milango, kuanzia baada ya Alfajiri hadi Adhuhuri. Fundi asiye Muislamu, au aliye mgonjwa, ana haki ya kula mchana wake. Apatiwe mahali pa staha, asiachwe ale nyuma ya lundo la tofali kama mwizi. Na siku ya malipo isisogezwe kwa kisingizio cha Idi kukaribia, maana naye ana watoto wanaosubiri nguo.

Wiki ijayo, inshaallah, tutajibu barua mbili zilizotufikia kuhusu kiwanja kilichonunuliwa kwa fedha za mume na mke pamoja na hati ikaandikwa jina moja. Wenye maswali ya namna hiyo wayalete ofisini kwetu au wayakabidhi kwa makatibu wa misikiti yao kabla ya Jumatano.

Wabillahi tawfiq.